Kilichokuwa Chini ya Turubai la Thawin Chomkrathok

Jioni ya tatu ya kumsomea marehemu mume wangu, watawa walipokuwa wamepumzika na wageni wanakunywa uji, jirani yangu Bibi Lamiat aliinua kidevu kuelekea jeneza la baridi lililokuwa likinguruma katikati ya maua. Akamwambia mwenzake, kwa sauti ambayo hata viziwi wa safu ya nyuma waliisikia:

"Umeona mambo ya dunia? Thawin mwishowe amelala ndani ya friji yake mwenyewe."

Wakacheka, viganja midomoni. Nilikuwa nimekaa mbele yao, nimevaa nyeusi, mgongo umewaelekea kama ubao wa kuandikia.

Basi nianze na hilo, ili atakayefunga kitabu hiki kwenye ukurasa wa kwanza awe amelisoma. Hapakuwa na friji. Hapakuwa na whisky, wala redio, wala matairi, wala katoni za sigara. Ni kweli kwamba mwaka walioondoka Wamarekani lori la kambini liliingia uani kwetu mchana, likiwa na mzigo uliofunikwa turubai. Ni kweli pia kwamba mume wangu alikataa kufunua, hata polisi alipokuja. Mengine yote mnayoyajua mmeyatunga wenyewe, na mmekuwa mkiyatunga tangu siku hiyo. Mimi nilikuwepo uani. Nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi barazani, na nilikiona kilichoshushwa.

Mwanangu Wirot, anayefanya kazi benki kule Bangkok na ndiye anayelipia uchapaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu tutakachowapa siku ya kuuchoma mwili, alinisihi niandike kwa ufupi. "Kurasa mbili tu, Mama. Na ile miaka ya kambini iruke. Andika tu, alifanya kazi ya ugavi." Nikamwambia baba yako aliitumikia kambi ile tangu haijawa na uzio mpaka ilipobaki uzio peke yake. Nikiiruka, kitakachobaki ni mtoto wa mfinyanzi na mzee wa kuku.

Naam, alikuwa mtoto wa mfinyanzi. Alizaliwa Krathok, wilaya ambayo serikali sasa inaiita Chok Chai, na ndiyo maana jina letu la ukoo, Chomkrathok, linaishia hivyo. Watu wa Korat tunabeba wilaya zetu kwenye majina, kwa hiyo mmoja akisemwa vibaya, kinasemwa vibaya kijiji kizima. Baba yake alifinyanga mitungi ya udongo mwekundu wa kijiji cha Dan Kwian, na kazi ya Thawin utotoni ilikuwa kuipanga kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nyasi kavu katikati, kubwa chini, ndogo mdomoni mwa kubwa. Mtungi uliopangwa vibaya haufiki sokoni. Nadhani elimu yake yote ilikuwa hiyo, na nyingine aliiongeza juu yake.

Alisoma shule ya hekaluni, kisha akaajiriwa bohari ya reli mjini Korat. Huko mzee mmoja wa Kihindi, karani wa mizigo, alimfundisha Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha reli. Thawin aliweza kusema "upande huu juu" na "shirika halitawajibika," lakini hakuweza kumuuliza mtu ameamkaje. Wamarekani walipokuja kutafuta mtu wa kuwasimamia vibarua, walimsikia akisema hayo mawili, wakamchukua siku hiyohiyo.

Kamandi yao ilianza kidogo. Walikuja na mahema na magari mengi yaliyopakwa grisi, wakayafungia kwenye maghala yakisubiri askari ambao wangekuja kama vita ingekuja. Vita ikaja, lakini nchi ya jirani, na kamandi ikavimba kama tikiti la masika. Walijenga bandari kule ghubani, wakapasua barabara, na kutwa kucha malori yalipita mbele ya shule niliyofundisha mpaka wasichana wangu wakajifunza kukariri mashairi kwa kupiga kelele. Kila mara bango la langoni lilipakwa upya, kila bango refu kuliko la kwanza: mara ni msaada, mara ni ugavi, mara ni msaada na ugavi. Jemadari akibadilika, jina linabadilika. Sisi tuliiita Kambini, na barua zilifika.

Sijapata kuona watu wanaohesabu vitu vyao kama wale, wala watu wanaopoteza vitu vyao kama wale. Mwezi wa Aprili, wakati hata mbwa wa Korat hatoki kivulini, mume wangu alipokea shehena ya makoti ya manyoya. Akauliza ni ya nani. Akaambiwa yapange. Akayapanga. Mwaka uliofuata yakaja mengine, kwa sababu mtu fulani ng'ambo aliandika kwamba ya kwanza yamepotea. Thawin alirudi nyumbani akasema, "Mama Wirot, leo nimepokea baridi ya pili," akaenda kuoga.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kambi ikiwa bado changa, rundo la makreti lilianguka ghalani likamvunja mguu kibarua aliyeitwa Duang. Kesho yake vibarua wote walifika kazini, wakavua kofia, wakakaa nje ya ghala. Hawakugoma. Walikaa tu. Meja aliyesimamia maghala, Meja Kessler, mtu mnene mwenye moyo mzuri na subira fupi, alimwita mume wangu.

"Watu wako wanataka nini, Thawin?"

"Mwenye ardhi hana nyumba, Meja."

"Mwenye ardhi ni jeshi la nchi yenu. Nyumba wanazo. Nimealikwa chakula huko."

"Si huyo. Mwenye ardhi wa kweli."

"Kuna mwingine? Mbona hakutajwa kwenye mkataba?"

"Hajui kusoma, Meja. Alikuwepo kabla ya kusoma."

"Anataka nyumba ya ukubwa gani?"

"Kama kibanda cha njiwa. Juu ya nguzo moja."

"Basi? Mbona hukusema? Nilidhani anataka ghala!"

Wakamjengea. Mbao zilitoka kwenye makreti yaliyovunjika, kwa ruhusa ya Meja mwenyewe, na ndani ya kuta bado yalisomeka maandishi meusi ya bandarini. Mzee wa matambiko alikuja Alhamisi asubuhi, akamwalika Bwana wa Mahali, mzimu mlinzi wa ardhi ile, aingie, kwa maua na wali na kichwa cha nguruwe. Wakaweka vinyago: tembo wadogo, mtumishi mwanamume, mtumishi mwanamke, na wacheza ngoma wawili wa kumburudisha. Vibarua wakavaa kofia wakaingia kazini.

Lakini kambi ni kambi. Kanuni yao ilisema kila jengo liwe na namba ukutani, ndoo nyekundu ya mchanga kwa ajili ya moto, na mtu mmoja wa kuliangalia. Kwa hiyo Bwana wa Mahali alipigwa namba, akawekewa ndoo ya mchanga, na mtu wa kumwangalia akawa mume wangu. Vibarua waliona ni heshima kubwa. Askari nao wakaanza kumwekea vitu: sigara, bia, mara moja keki nzima ya siku ya kuzaliwa. Hata marubani waliokuwa na uwanja wao jirani walipitia. Tangu Duang hakuumia mtu mwingine kwenye ghala lile. Mimi nilisema ni kwa sababu Thawin alianza kupanga makreti kama mitungi. Vibarua walisema Mwalimu ni msomi, mwacheni.

Mwaka serikali yetu ilipowaambia waondoke, walimleta kapteni kijana wa kufunga kambi. Aliitwa Doyle. Hakuwa amefungua kitu chochote pale. Kazi yake ilikuwa kufunga. Kila kitu lazima kipakiwe, au kikabidhiwe jeshi letu, au kiuzwe, au kibomolewe. Akaanza kuuliza nani atakichukua kile kijumba.

Kanali wa jeshi letu aliyekuja kupokea alikipita kando kama mtu anayemkwepa mbwa mwenye upele.

"Maghala napokea," alisema. "Visima napokea. Hata paka wa jikoni napokea. Huyo hapana."

"Ni jengo, lina namba," alisema Kapteni Doyle kupitia kwa mume wangu.

"Mwambie sisi tunaye wa kwetu. Wawili wakigombana, atakuja yeye kuwaamua?"

Mnunuzi wa vyuma chakavu, Mchina wa sokoni aliyekwisha kununua hadi mabakuli ya vyooni, alicheka tu akatikisa kichwa. Kapteni akaita buldoza. Dereva wake, Khampan, aliliendesha mpaka mbele ya kijumba, akazima injini, akashuka, akawasha sigara.

"Endelea!" Kapteni akapiga kelele.

"Mafuta yamekwisha," alisema Khampan.

"Nimeyajaza mimi mwenyewe asubuhi!"

"Basi mimi ndiye niliyeishiwa," alisema Khampan, na Thawin akatafsiri kwamba mashine imeharibika.

Ndipo Kapteni alipotoa amri: Jumamosi mchana kijumba kisiwepo, la sivyo atakivunja mwenyewe kwa shoka, mbele ya wote. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi yenye mstari mmoja ambao haujatiwa alama, na mstari huo ulikuwa unamnyima usingizi. Mume wangu alimwomba angoje hadi Alhamisi. Mzee wa matambiko yuko Buriram kwenye sherehe ya mjukuu wake anayeingia utawa. Na Jumamosi haihamishwi nyumba, hata ya binadamu, sembuse ya huyu.

"Alhamisi mahali hapa hapatakuwa petu," alisema Kapteni.

"Nitamhamisha mimi," Thawin akajibu.

Aliniambia baadaye kwamba hakuona njia nyingine. Vibarua wake walikuwa bado wanapakia. Walikuwa wanakwenda kutafuta kazi kwingine, wengine Uarabuni, kila mmoja na hofu yake. Wangemwona mgeni akimpasua Bwana wa Mahali kwa shoka, wangeibeba picha hiyo mpaka kaburini. Kwa hiyo Jumamosi alingoja waende kula. Akawasha udi, akaomba radhi kwa Bwana wa Mahali kwa maneno ya kawaida, kwa sababu yale ya kitaalamu hakuyajua. Akasaidiwa na koplo mmoja Mmarekani mweusi, wa kusini mwa nchi yao, jina lake Tibbs, ambaye alivua kofia bila kuambiwa. Wakaking'oa pamoja na nguzo yake, wakakilaza kwenye lori juu ya magodoro, wakakifunika turubai ili pasiwe na mtu njiani atakayeona ni nini kinahama siku ile.

Ndilo lori mlilolisema maisha yenu yote.

Nilisimama na kalamu yangu nyekundu mkononi. "Ni nini hicho?"

"Shusha sauti, Mama Wirot."

"Nimeuliza ni nini."

Akaniambia. Nilitazama pembe ya uwanja wetu, ambako Bwana wa Mahali wa kwetu amekaa tangu enzi za babu yangu.

"Umemleta hapa? Na wetu je?"

"Huyu ni mgeni. Mpaka Alhamisi tu."

"Wageni hukaribishwa, hawafunikwi turubai!"

"Basi mkaribishe," alisema, akaketi chini kama mtu aliyetembea kutoka Bangkok. Shuleni nilikuwa nikiwaambia wasichana kwamba hofu ya mizimu ni ya wasiosoma. Nikaingia ndani nikatoa chupa ya soda nyekundu, nikaifungua, nikaiweka mbele ya turubai pamoja na mrija.

Lamiat alikuwa tayari kwenye uzio.

"Mwalimu! Mmenunua friji?"

"Hapana."

"Mbili?"

Jumatatu mumewe alikuja. Mumewe alikuwa Mjumbe Chot, mjumbe wa mtaa wetu, mtu mwaminifu, ningelisema kwa herufi kubwa kama ningeweza. Alikuja na polisi mmoja kwa sababu habari za mafriji zilikuwa zimefika kituoni, na nusu ya mtaa ilikuja nyuma yao ikajipanga kwenye uzio kama ndege kwenye waya.

"Kaka Thawin," alisema Mjumbe, "funua tu tumalize. Wali wangu unapoa."

"Siwezi, Mjumbe."

"Huwezi nini? Ni turubai, si sketi ya mtu."

Uzio ukacheka. Thawin hakucheka. "Siwezi."

Hapo uvumilivu wangu ulikwisha. Nilikuwa na cheo changu shuleni, nilikuwa na jina la baba yangu, na polisi alikuwa amesimama kwenye vitunguu vyangu. "Funua, Baba Wirot!" nikasema. "Funua waone, waende!"

"Nyamaza, Mwalimu," mume wangu akasema. Hajawahi kuniambia hivyo kabla, wala baada.

Mjumbe Chot alipumua, akasogea mpaka upande usioonekana kutoka kwenye uzio, akainama, akainua pembe ya turubai kwa mkono wake mwenyewe. Akachungulia. Nilimwona akiwaona tembo, na wale wacheza ngoma wawili waliofungwa uzi wasianguke. Akaliachia turubai kama limemuunguza. Viganja vyake vikakutana juu ya paji la uso.

"Alikuja lini?" akanong'ona.

"Jumamosi," alisema Thawin.

"Jumamosi! Na mzee wa matambiko?"

"Yuko Buriram."

Mjumbe alinyanyuka, damu imemwisha usoni. Akamgeukia polisi. "Hakuna kitu. Twende." Polisi alikuwa mgeni wa mkoa, na alikuwa na njaa, akaenda. Lakini Mjumbe alirudi hatua moja.

"Kaka, usimwambie mtu kwamba nilifunua."

"Nawe usimwambie mtu nilichobeba."

Kisha wote wawili wakanigeukia, wakangoja.

"Mimi sina la kusema," nikasema. Nilisema kwa hasira. Wao wakalipokea kama kiapo, na nikakuta nimeapa.

Sasa fikirini wenyewe. Mtaa mzima ulimwona mjumbe akichungulia, akibadilika rangi, akisema hakuna kitu, akiondoka haraka. Mtu pekee aliyeweza kulisafisha jina la mume wangu alilipaka matope kwa mara ya pili, na lake pia. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imejulikana kwamba Mjumbe amehongwa. Na aliyekuwa na hakika kuliko wote ni mkewe. Nilimsikia kupitia ukuta.

"Amekupa nini?"

Kimya.

"Chot, miye mkeo! Hata kopo moja la maziwa sistahili? Umelificha wapi?"

Kimya. Alinyamaza hivyo mpaka alipokufa, na mtu akinyamaza mbele ya Lamiat miaka yote hiyo, mimi namhesabu miongoni mwa mashujaa.

Alhamisi ile mume wangu na mimi tulimpeleka Bwana wa Mahali mahali panapomfaa, na mzee wa matambiko alisema maneno yote ya kusemwa. Nilidhani mambo yameisha. Nikamwambia Thawin sasa sema.

"Niseme nini?"

"Kilichokuwemo! Wanakuita mwizi, hadi mwuza mkaa!"

Alikuwa anachonga mpini wa jembe. "Mwizi anaweza kuishi mtaa huu, Mwalimu. Wapo, na tunakwenda kwenye harusi zao. Lakini aliyemng'oa Bwana wa Mahali kwa nguvu siku ya Jumamosi, nani atamuuzia mchele? Mtoto wa mtu akipata homa, ni mimi. Mguu wa Duang ukiuma, ni mimi. Nyati akifa Krathok, watakuja kuniuliza. Waache waniite mwizi. Ni nafuu."

Nafuu! Mtu ambaye kila mwenye ghala Korat alijua hakuna apangaye mzigo kama yeye, alikwenda kuomba kazi kiwanda cha sukari, na meneja akamuuliza kama yeye ndiye yule wa mafriji. Alikwenda bohari ya mkoa. Wakamwambia nafasi imejaa, huku wakitazama mikono yake. Mwisho akafuga kuku. Alipanga mayai kwenye trei kwa namna ambayo hakuna hata moja lililopasuka njiani, na hicho ndicho cheo alichostaafu nacho.

Nami nilipopandishwa daraja nikanunua friji, dukani, mchana, kwa mshahara wangu, na risiti nikaibandika mlangoni kwa makusudi. Lamiat alikuja kuitazama na wenzake. "Kumbe mmeamua kuitoa," alisema.

Hayo ndiyo niliyokaa nayo. Nilimtimizia mume wangu neno langu kwa sababu alikuwa na sababu ya kuishi mtaa huu. Lakini Jumapili, akichomwa, anauacha. Sasa hakuna wa kumnyima mchele, na sioni kwa nini aingie motoni na jina la mwizi. Wirot alisema, "Mama, Bibi Lamiat ataumbuka." Nikasema habari ya Mjumbe Chot ni ya Lamiat, na nitamwambia kabla ya mchapaji. Asubuhi iliyofuata nikavuka kwenda kwake. Alikuwa anamenya vitunguu saumu.

"Umekuja kunigombeza kwa ile ya friji," alisema bila kuinua kichwa. "Ilikuwa utani tu, Mwalimu. Marehemu mwenyewe angecheka."

"Nimekuja kukuambia mumeo alichoona."

Nikamwambia yote, tangu kreti la Duang mpaka pembe ya turubai. Kisu kilisimama. Nilingoja aseme pole. Nilingoja aone haya kwa maisha mazima ya maneno.

"Jumamosi?" alisema.

"Jumamosi."

"Bila mzee wa matambiko?"

"Alikuwa Buriram."

"Mama wee!" Akaweka viganja kifuani. "Uani hapo? Nyuma ya ukuta wangu, na wanangu wamelala upande huu? Heri angekuwa mwizi tu, Mwalimu. Mwizi ungemwelewa!"

Nilikuwa nimeleta kitu safi kabisa, na tayari ameshakipaka.

"Na wangu alifunua kwa mkono gani?" akauliza.

"Wa kulia."

"Umeona! Ndio ule mkono uliomuuma mpaka anakufa."

"Uliuma kwa sababu alianguka na pikipiki, Lamiat. Tulikuwepo."

"Alianguka kwa nini?"

Basi. Nilinyanyuka niondoke. Thawin alikuwa ameujua mtaa wake kuliko mimi niliyefundisha watoto wake wote. Lakini Lamiat alinishika kanga ya kiuno.

"Ngoja. Kwa hiyo hakupewa kitu? Chot wangu?"

"Hata kopo la maziwa."

Akainamia vitunguu. "Nilipekua godoro lake," alisema. "Nilichimba chini ya ngazi. Hata siku ya kumwosha, nilitazama ndani ya kiko chake." Machozi yakaanza kumtoka, na yeye akavilaumu vitunguu, nami nikamwachia vitunguu vyake. "Andika, Mwalimu. Andika hakupewa kitu. Tena uandike jina lake lote."

Nimeliandika. Wirot amesoma, ameona zimezidi kurasa mbili, na atalipa.

Ila Lamiat ni Lamiat. Nilikuwa sijafika mlangoni kwangu aliponifuata akiniuliza tulimpeleka wapi yule mgeni. Kufikia adhuhuri dada zake wawili walikuja na maua, eti kunipa pole. Jana akaja mwanamume anayeuza tiketi za bahati nasibu. Anasema Bwana wa Mahali aliyeshinda jeshi la ng'ambo, akakataa buldoza, akahama Jumamosi bila kuua mtu, lazima namba zake zina nguvu, na kama ningemwonyesha tu njia tungegawana. Kwenye chumba cha marehemu! Wakati udi unawaka!

Mume wangu hakuiba. Chot Phetklang hakuhongwa. Hayo nimeyasema kwa sababu yalikuwa haki ya wafu wawili. Mahali tulipompeleka si haki ya mtu yeyote, na hata mkinikalisha hapa mpaka majivu yapoe, sitasema.